Mpira wa Fundi: kisa cha wiki kumi baada ya kutolewa tezi dume

Nilipoingia, bomba la sindano lilikuwa tayari mkononi mwa kijana wa zahanati. Saa tatu na nusu usiku, Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam, siku ya tisa tangu mzee apasuliwe saratani ya tezi dume. Mzee amelala chali, msuli umelowa, amefumba macho. Kijana ameshachana pakiti ya mpira mpya wa mkojo na anatafuta lile tawi la pembeni la mpira wa zamani ili avute maji ya puto linaloushikilia ndani ya kibofu, autoe, aingize mwingine. "Umeziba, sista," akaniambia. "Ona, mkojo unapita pembeni."

Nikamwambia weka chini hilo bomba. Nadhani nilipaza sauti, maana mtoto aliyekuwa anachungulia mlangoni alikimbia.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, ingawa si katika hospitali aliyopasuliwa mzee huyu. Nyumba yetu ni ya nne kutoka kwao. Nitamwita Fundi, kwa sababu ni fundi cherehani na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo. Mkewe nitamwita Bi Mkubwa. Wote wawili wameniruhusu kuandika, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili wasitambulike. Naandika kwa sababu upasuaji wake ulikwenda vizuri, daktari alifanya kazi safi, na bado ilibaki nusu dakika kazi yote ivurugwe na bomba la mililita kumi. Nimejiuliza mara nyingi tulifikaje pale.

Ruhusa ya siku ya Ijumaa

Fundi ana miaka 67. Aligunduliwa kama wengi wanavyogunduliwa: kuamka usiku mara nne, mkojo kuja kwa kusita, mwanawe akamlazimisha kupima. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kilisoma 14, juu ya kawaida. Vinyama vilivyochukuliwa kwa sindano vikaonyesha saratani yenye alama ya Gleason 3+4, yaani 7. Alama hizo za kupima ukali wa saratani alizibuni Donald Gleason, daktari wa Marekani, miaka ya 1960, na 7 ya namna hiyo ni saratani ya kati: haifai kuachwa tu kwa mtu mwenye nguvu zake, lakini inatibika. Picha ya mifupa ilikuwa safi, saratani haikuonekana huko. Akapasuliwa chini ya kitovu, tezi ikatolewa yote pamoja na vifuko vya manii vilivyo nyuma yake.

Hapa pana jambo ambalo mtaani linachanganywa kila siku. Tezi iliyovimba tu, isiyo na saratani, ikihitaji upasuaji mara nyingi hukwanguliwa kwa ndani, na mgonjwa hukaa na mpira siku mbili tatu. Jirani mmoja alifanyiwa hivyo, na akawa ndiye mshauri mkuu wa familia ya Fundi. Ya Fundi ilikuwa kazi nyingine kabisa. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake, kama uzi unavyopita ndani ya ushanga. Ukiuondoa ushanga wenyewe, uzi umekatika. Daktari hana budi kuivuta shingo ya kibofu chini na kuishona na ncha ya njia ya mkojo iliyobaki. Mpira unapitishwa katikati ya huo mshono na kuachwa wiki moja hadi mbili, mpaka mshono ushike.

Kwa maneno mengine, mpira wa Fundi haukuwepo kwa ajili ya kutoa mkojo tu. Ulikuwa umeshikilia mshono.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo haikumfikia mtu aliyeihitaji. Siku ya tano, Ijumaa, Fundi alipewa ruhusa. Kijana wao wa pili, dereva wa bajaji, alikuwa dirisha la malipo anahangaikia karatasi za bima. Bi Mkubwa alikuwa nje ya geti na kikapu chake, kwa kuwa muda wa kuona wagonjwa ulikuwa bado. Maelezo yote akapewa Fundi peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, dawa za maumivu bado zimo kichwani, anatamani tu nyumbani. Baadaye nilimuuliza alisikia nini. "Nilisikia ninywe maji, nisibebe mizigo, nirudi Jumapili ya pili yake… hapana, Jumatatu. Mengine yalipita." Karatasi ya ruhusa ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, mwandiko wa kukimbia. Mimi niliisoma kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kijana wao aliweza kusoma tarehe.

Sisemi daktari alikosea kusema. Alisema. Ila alimwambia mtu ambaye siku hiyo hakuwa na nafasi ya kubeba maneno, na mtu aliyekuwa anakwenda kumwaga mfuko, kufua misuli, kupika na kujibu wageni hakuambiwa neno. Wodini kwangu tunafanya hivyo hivyo. Tangu kisa hiki nimeanza kumtuma mhudumu getini amlete mke kabla sijafungua mdomo, na mlinzi hafurahi.

Wageni, maji na choo

Mzee wa Pwani akitoka hospitali, watu wanakuja kumjulia hali. Wanakuja asubuhi, wanakuja baada ya alasiri, wanakuja na watoto. Wanaingia chumbani. Na pale pembeni ya kitanda panatakiwa paning'inie mfuko wa lita mbili wa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi.

Fundi hakuweza. Aliuchukua mfuko akaulaza kitandani ubavuni kwake, chini ya shuka, mrija ukapita chini ya paja. Wageni hawakuona kitu. Lakini mkojo hauna pampu, unashuka tu. Mfuko ukiwa sawa na kibofu au juu yake, mkojo unasimama, na ulio kwenye mrija unaweza kurudi na uchafu wake. Paja la mtu mzima likiukandamiza mrija, hata huo kidogo haupiti.

Kisha akapunguza maji. Hesabu yake ilikuwa rahisi: asipokunywa mfuko haujai, usipojaa mkewe hataitwa kuumwaga mbele ya wageni. Vikombe viwili vya chai kwa siku, basi. Mkojo ukawa mzito, na vipande vidogo vya damu iliyoganda, ambavyo ni vya kawaida siku hizo, vikakosa maji ya kuvisukuma.

Nacho choo kikafunga. Dawa ya usingizi inalaza utumbo, vidonge vya maumivu aina ya tramadol vinakausha choo, na mtu halali vizuri, hatembei, hanywi, anakula wali mkavu kwa samaki. Mpaka siku ya nane alikuwa hajapata haja kubwa hata mara moja tangu atoke hospitali. Siku hiyo jioni akaenda choo cha uani, akachuchumaa, akajikamua kwa nguvu zote. Damu ikaonekana kwenye mrija, na ikatoka kidogo pembeni ya mpira. Kibofu kikaanza kukaza.

Mkazo wa kibofu mgonjwa asipoelezwa humtisha kuliko damu. Puto la mpira linakaa sakafuni mwa kibofu, na kibofu hakijui kwamba ni puto, kinadhani ni mkojo unaotaka kutoka. Kinajikunja kuusukuma. Mtu anasikia haja ya ghafla, maumivu yanayokimbilia kwenye ncha ya uume, na mkojo unatoka pembeni ya mpira badala ya ndani yake. Inakuja, inakaa dakika moja mbili, inapita. Choo kigumu huizidisha. Kwa hiyo mkojo kupita pembeni si lazima mpira uwe umeziba. Swali la kwanza ni moja tu: je, kuna kinachoingia kwenye mfuko?

Kwa Fundi hakuna aliyeuliza. Walichoona ni mzee anagugumia, shuka limelowa, damu. Jirani akasema wa kwake ulitolewa siku ya tatu, huu umeoza. Kijana wao akaenda kuita mtu wa zahanati.

Nilifunua shuka. Mrija ulikuwa umekunjwa chini ya paja la kushoto, umebonyea kabisa, na mfuko umelazwa juu ya mto mdogo. Nikanawa mikono, nikavaa glovu za yule kijana, nikanyoosha mrija, nikashusha mfuko mpaka karibu na sakafu, ukaning'inizwa kwenye mbao ya kitanda usiguse chini. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu. Kisha ukapita uzi mwekundu wa damu iliyoganda, mwembamba kama uzi wa kufumia, na nyuma yake mkojo ukaja wa kutosha. Tulipoumwaga baadaye kwenye jagi la jikoni lenye alama, ulikuwa zaidi ya nusu lita. Fundi alifumbua macho, akasema, "Alhamdulillahi." Bi Mkubwa alikaa chini palepale mlangoni.

Nikapiga namba ya wodi iliyokuwa kwenye karatasi. Ikapokelewa mara ya tatu. Daktari wa zamu alisema maneno ambayo yangesemwa siku ya tano getini: asiuguse mtu mpira huo, ukigoma kabisa kutoa mkojo na tumbo la chini likajaa, aletwe usiku uleule, akipata homa ya 38 au kutetemeka, aletwe, damu ikiwa nzito yenye mabonge, aletwe, mguu mmoja ukivimba au pumzi ikabana, aletwe bila kusubiri simu. Kama unatoka, anywe maji, mtaonana kliniki.

Bi Mkubwa naye alikuwa ameshachemsha maji ya sabuni ampige enema. Nililiona sufuria nikamwambia hiyo nayo hapana. Ukuta wa njia ya haja kubwa umeshikana na mahali tezi ilipokuwa. Kwa wiki hizi hakuna enema, hakuna kidonge cha kuingiza nyuma, hakuna kidole. Tulitumia lactulose, dawa ya maji ya kulainisha choo, papai asubuhi na jioni, maji glasi baada ya glasi, na kumtembeza uani na mfuko wake mkononi kama mtu anayekwenda sokoni. Siku ya kumi jioni choo kikapatikana, na mikazo ya kibofu ikapungua usiku huohuo. Nimeona wagonjwa wengi ambao dawa ya kibofu waliyotafutiwa ilikuwa ni papai.

Yule kijana wa zahanati tulikaa naye barazani baada ya hapo. Alikuwa ameudhika. "Nilifundishwa mpira ukiziba unabadilishwa." Ni kweli alifundishwa hivyo, na kwa wagonjwa tisa kati ya kumi anaokutana nao ni sahihi. Kwa huyu, kuutoa siku ya tisa kungeacha mshono bila kitu katikati, na kuingiza mwingine gizani kungeweza kupenya pale palipoungwa badala ya kufuata njia. Mkojo unamwagika nyongani, mgonjwa anarudi mezani, au mshono unapona kwa kovu linaloziba njia ya mkojo maisha yake yote.

Fundi alikuwa anasikiliza kupitia dirishani. Akaita, "Kwa hiyo wamenipiga bandi tu, bado hawajashona?" Nikamwambia wameshashona, ila uzi haujashika, na mpira ndio mkono wa fundi uliobaki ndani ya nguo kuishikilia. Akanyamaza, kisha akasema kama angeambiwa hivyo asingemruhusu mtu hata kuusogelea. Miaka arobaini ya kushona, na hakuna aliyefikiria kumweleza mshono fundi wa mishono.

Koki iliyobaki

Mpira ulitolewa siku ya 15, baada ya picha ya eksirei iliyopigwa na dawa ndani ya kibofu kuonyesha hakuna panapovuja. Puto likavutwa maji, mpira ukatoka kwa pumzi moja. Akaambiwa asubiri akojoe. Akasimama. Mkojo ukashuka wote miguuni, mpaka kwenye kandambili.

Alirudi amekalia kanga ya mkewe kwenye bajaji ya mwanawe, hasemi na mtu. Familia ilikuwa imejiandaa kwa furaha ya mpira kutoka. Hata pilau ilikuwa jikoni. Alituma niitwe, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, wamenikata koki."

Hawakuikata. Mwanamume ana koki mbili za mkojo. Ya juu iko kwenye shingo ya kibofu, inafanya kazi yenyewe mchana na usiku bila mtu kuifikiria, na upasuaji huu unaiharibu kwa sababu iko palepale panapokatwa. Ya chini ni misuli iliyo chini ya pale tezi ilipokuwa, na kwa maisha yake yote imekuwa msaidizi: inaitwa ukikohoa au ukibanwa njiani. Sasa msaidizi ameachiwa duka zima. Karibu kila mtu huvuja mpira ukitoka. Walio wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, wengine huchukua mwaka mzima, wachache hubaki na tatizo linalohitaji tiba zaidi. Usiku hukauka kwanza, kisha kukaa, na kusimama na kutembea huja mwisho. Jioni ni mbaya kuliko asubuhi, kwa sababu msuli umechoka kama mguu unavyochoka.

Pampasi za watu wazima zilikuwa zinakula hela ya chakula. Hapo Fundi akaamka kweli. Siku ya tatu baada ya mpira kutoka nilimkuta mbele ya cherehani, anashona vitambaa: taulo la zamani katikati, flana ngumu juu, kipande cha nailoni ya mwavuli chini, na vifungo viwili vya kubania kwenye chupi. Kila kimoja kilikuwa na pindo nadhifu kama la shati la harusi. Alishona kumi na sita. Akachukua daftari lake la vipimo, lile lenye kifua, kiuno na urefu wa suruali za watu wa Mbagala nzima, akafungua ukurasa mpya na kuandika kila jioni vitambaa vilivyolowa siku hiyo. Wiki ya kwanza: 11, 10, 12, 9. Huko hospitali tunahesabu hivyo hivyo, ila hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kuniletea safu iliyopigwa rula.

Mazoezi nilimfundisha mimi, na nilipata tabu kidogo, maana mimi ni mwanamke na yeye ni sawa na baba yangu. Vitabu vinasema kaza misuli ya sakafu ya nyonga. Maneno hayo hayampeleki mtu popote. Nilimwambia, "Baba, jifanye umekaa mbele ya mkweo, tumbo limejaa gesi, na hutaki aibu. Unafanyaje?" Alicheka mpaka akalowanisha kitambaa, lakini alielewa. Kisha ile ya pili: unaingia bahari ya Kigamboni alfajiri, maji ya baridi yanafika mapajani, na vitu vyote vinajivuta juu. Ndiyo misuli hiyo. Akisimama mbele ya kioo aone uume unarudi ndani kidogo na korodani zinapanda. Matako yasikazwe, tumbo lisikazwe, pumzi isibanwe. Kumi za polepole, akishikilia mpaka sekunde kumi anapoweza, na kumi za harakaharaka, mara tatu kwa siku. Na muhimu kuliko zote: kaza kabla ya kuinuka, kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya. Kukata mkojo katikati kila unapokojoa kusifanywe zoezi, kunakichanganya kibofu. Wala mazoezi haya hayaanzwi mpira ukiwa bado ndani.

Bi Mkubwa aliyekuwa anasikiliza akasema, "Kumbe hayo ya wazazi." Ni kweli. Daktari Arnold Kegel aliyeyaandika mwaka 1948 alikuwa anawashughulikia wanawake waliojifungua. Tangu hapo mama huyo ndiye aliyekuwa anamkumbusha mumewe kila anapoinuka: "Kaza!" Wageni hawakujua anaambiwa nini.

Daftari lilitufundisha mambo mawili ambayo nisingeyajua kwa kuuliza. La kwanza ni kahawa. Fundi hanywi pombe wala havuti, ila kila jioni hukaa kibarazani na wenzake na kahawa chungu, vikombe vinne vitano. Siku za kahawa vitambaa vilipanda kwa viwili vitatu. Kahawa na chai ya rangi vinakichokoza kibofu. Alibaki na kikombe kimoja na kashata nyingi. Maji ya kawaida tulimzuia asiyapunguze, maana mkojo mzito nao unachokoza. La pili ni siku moja ya wiki ya tano yenye namba 13 peke yake katikati ya namba ndogo. Alikana kwanza, kisha akasema: aliinua kichwa cha cherehani kukipeleka uani kukitia mafuta. Kichwa kile cha chuma ni zaidi ya kilo kumi, naye alikuwa hajaruhusiwa kupita kilo tano mpaka wiki sita ziishe. Kilo tano ni robo ya ndoo ya lita ishirini. Nilimwambia hivyo, akasema hospitali wangesema robo ya ndoo angeelewa.

Mguu ulimvimba kidogo wiki ya tatu, wa kulia peke yake. Tulikimbia naye, maana damu kuganda kwenye mshipa wa mguu ni hatari ya wiki nne za kwanza baada ya upasuaji wa namna hii, hasa kwa mtu anayekaa siku nzima. Kipimo hakikukuta kitu. Akaambiwa atembee, na akatembea.

Safu ya nyuma

Kilichomuuma Fundi kuliko vyote sikukijua mpaka wiki ya nne. Alikuwa haendi msikitini. Si hivyo tu, alikuwa hasali hata nyumbani. Mtu anayevuja mkojo muda wote, aliona, ana najisi muda wote, basi atasali nini? Nilikuwa nimepima joto lake, mshono wake na vitambaa vyake, na sikumuuliza jambo lililokuwa linamnyima usingizi.

Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilimwomba mwanawe amlete shehe wa mtaa, akaja baada ya magharibi, wakazungumza wawili. Jibu halikuwa geni kwa wenye elimu: mtu asiyeweza kuzuia mkojo ni mwenye udhuru. Wakati wa sala ukiingia anajisafisha, anaweka kitambaa safi, anatia udhu na kusali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo hakimvunjii, na sala inayofuata atatia udhu tena. Shehe alitumia dakika kumi. Ijumaa iliyofuata Fundi alikuwa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na mfuko wa kitambaa begani wenye vitambaa vitatu.

Ukiangalia daftari, namba zinaanza kushuka kwa kasi wiki hiyohiyo. Sidai shehe alitibu msuli. Ila kwenda msikitini na kurudi mara tatu kwa siku ni mwendo, na mtu aliyerudi kwa wenzake anafanya mazoezi yake.

Swali la jikoni

Hili nililikwepa, na kosa ni langu. Wiki ya sita Bi Mkubwa alinikuta jikoni kwake, akawa anamenya ndizi bila kuniangalia. "Na lile jambo jingine, sista? Limekwisha moja kwa moja?" Mara moja nikajua nimemwacha mama wa watu wiki sita na swali hilo kwa sababu mimi nilimwonea haya mumewe.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita pande zote mbili za tezi, imeigusa kabisa. Daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins ndiye aliyefanya mwaka 1982 upasuaji wa kwanza wa kuikwepa kwa makusudi. Kabla yake karibu wote waliopasuliwa walipoteza uwezo huo. Kwa Fundi, karatasi ilionyesha upande mmoja ulinusurishwa na mwingine ukaondolewa kwa kuwa saratani ilikuwa karibu. Mishipa hata ikibaki mizima inashtuka, na kuamka kwake huchukua miezi mingi, mpaka mwaka na nusu au miwili. Hamu haiondoki. Raha inaweza kurudi, lakini manii hayatatoka tena, kwa sababu vilivyokuwa vinayatengeneza vimetolewa. Kuna vidonge, kuna pampu, kuna sindano, na mazungumzo hayo yanaanzia kliniki, si lazima kusubiri mwaka.

Niliyasema hayo kwa mama, kisha kwa wote wawili, na Fundi aliangalia ukuta muda wote. Baadaye nikaambiwa mwanawe alikuwa ameshamletea vumbi la Kongo ndani ya karatasi. Lilikuwa kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Fundi anatumia dawa ya presha, na unga usio na lebo ya kilichomo hauna nafasi pamoja nayo. Hata vidonge halali kama sildenafil haviruhusiwi kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Unga ulimwagwa chooni. Kliniki iliyofuata waliingia wawili, na Bi Mkubwa ndiye aliyeuliza.

Majibu ya tezi iliyotolewa yalikuwa yametoka: alama ileile ya 7, kingo safi, yaani hakuna saratani iliyokutwa kwenye ukingo uliokatwa. PSA ya wiki ya nane ilisoma chini ya 0.1. Mtu asiye na tezi hatakiwi kuwa na PSA ya kuonekana. Ikipanda mpaka 0.2 na kurudia hivyo kwenye kipimo cha pili, ndipo mazungumzo ya mionzi yanaanza. Atapima tena baada ya miezi mitatu. Fundi aliomba namba hiyo iandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi yake, na daktari, kwa heshima yake, aliandika: "Hakuna saratani inayoonekana kwenye damu. Rudi baada ya miezi mitatu."

Mara ya mwisho kuliona daftari ilikuwa wiki ya kumi. Safu ilisoma 3, 2, 2, 3, 2. Usiku wote ulikuwa na sifuri. Ukurasa wa pili wake, kwa kalamu ileile, alikuwa ameandika kiuno 36, urefu 41, na jina la yule kijana wa zahanati, aliyeleta kitambaa cha suruali ya kazi.